Chanzo cha kifo: Jinsi daktari, polisi na mahakama wanavyobaini kilichomuua marehemu

MTU anapokata roho alfajiri katika Mji wa Kale wa Mombasa, mara nyingi huwa amezikwa kabla ya jua kutua. Tangazo hutolewa msikitini, jamaa hukusanyika, maiti huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa, kisha jeneza hupokezanwa mabegani hadi makaburini Kikowani au Manyimbo. Kuharakisha maziko ni agizo la dini, na wakazi wa kisiwa hiki wamelishika tangu enzi za mababu.

Hata hivyo, katika saa hizo chache kuna swali moja ambalo sheria za Kenya zinataka lijibiwe kwa maandishi: ni nini kilichomuua marehemu? Kwa vifo vingi jawabu ni jepesi. Mzee aliugua kwa miaka mingi, daktari wake alimfahamu, na hakuna anayeshuku lolote. Kwa vifo vingine, jawabu hilo ndilo huamua iwapo mshukiwa atashtakiwa au ataachiliwa, iwapo bima italipwa, na iwapo familia itapata kuujua ukweli au utafukiwa pamoja na maiti.

Jawabu hilo halipatikani kwa kuutazama mwili juu juu, wala kwa kusikiliza tu maneno ya aliyekuwa wa mwisho kumwona marehemu. Hutafutwa hatua kwa hatua, na nyingi za hatua hizo zikipitwa na wakati haziwezi kurudiwa.

Maswali matatu yasiyofanana

Wataalamu wa tiba ya kisheria, yaani tiba inayotumikia mahakama, hutenganisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni chanzo cha kifo. Huu ni ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wa matukio yaliyoishia kwa mauti, kwa mfano kifua kikuu, risasi ya kifuani au sumu.

La pili ni jinsi mwili ulivyozimika: damu kuvuja hadi kwisha, pumzi kukatika, au moyo kwenda mrama na kusimama. Hali hizi huweza kuletwa na vyanzo vingi tofauti. Ndiyo maana maneno "moyo ulisimama" hayaelezi kitu, kwa kuwa moyo wa kila aliyekufa umesimama.

La tatu ni namna ya kifo, ambayo kwa kawaida huwekwa katika mojawapo ya mafungu matano: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au isiyojulikana. Chanzo kimoja kinaweza kuingia katika fungu lolote kati ya hayo. Mtu aliyekufa maji baharini huenda aliteleza, alijitosa, au alisukumwa. Mapafu yake yatafanana katika hali zote tatu. Kinachotofautisha ni ushahidi mwingine: alama za mwilini, mahali alipoonekana mara ya mwisho, hali ya nguo zake, na maelezo ya mashahidi.

Kwa sababu hiyo daktari peke yake hawezi kujibu maswali yote. Yeye hueleza kile ambacho mwili unaonyesha. Polisi hupeleleza mazingira, na hakimu au jaji hupima yote mawili na kutoa uamuzi.

Cheti chenye ngazi

Kifo kinapotokea hospitalini, daktari aliyemhudumia mgonjwa hujaza fomu ya kuarifu kifo inayojulikana kama D1. Kikitokea nyumbani, kama vingi vinavyotokea mitaani Kibokoni, Kuze au Bondeni, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu, ambaye hujaza fomu ya D2. Yote haya ni kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149 ya sheria za Kenya. Taarifa hiyo ndiyo huwezesha kutolewa kwa kibali cha maziko, na baadaye cheti cha kifo.

Fomu mbili hizo hazina uzito sawa. Ya hospitalini hutokana na mtaalamu aliyemchunguza mgonjwa. Ya nyumbani hutegemea zaidi maelezo ya jamaa, ambao huenda wakasema tu kwamba marehemu alikuwa na homa au alilalamikia kifua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka mfumo wa kimataifa wa kuandika chanzo cha kifo, nao una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari inayoshuka kama ngazi. Mstari wa juu huandikwa hali iliyomuua mtu moja kwa moja, wa pili huandikwa kilichosababisha hali hiyo, na hivyo hivyo hadi mstari wa chini kabisa, ambao hubeba chanzo cha msingi. Sehemu ya pili huorodhesha maradhi mengine yaliyochangia bila ya kuwa ndani ya mfululizo huo. Kando ya kila mstari huandikwa muda ambao hali hiyo ilidumu.

Tuseme, kwa mfano, mwanamke wa miaka 68 amefariki wodini. Mstari wa juu daktari ataandika maambukizi yaliyoenea damuni, kwa siku tatu. Chini yake ataandika kidonda cha mguu kilichooza, kwa wiki sita. Chini kabisa ataandika kisukari, kwa miaka 15. Katika sehemu ya pili ataongeza shinikizo la damu. Atakayesoma fomu hiyo ataelewa kwamba mama huyo aliuawa na kisukari, japo kilichoonekana siku ya mwisho ni homa kali.

Mstari wa chini ndio unaohesabiwa katika takwimu za taifa, kwa kutumia uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Daktari akiandika "moyo ulisimama" na kuishia hapo, serikali haitajua kuwa kisukari kinaua, wala haitatenga fedha za kukikabili. Uzembe wa mstari mmoja huathiri hata wale ambao hawajaugua.

Kwa familia, cheti cha kifo ni ufunguo. Bila hicho, mirathi haiwezi kufunguliwa, iwe katika Mahakama ya Kadhi au Mahakama Kuu, na benki, kampuni za bima na hazina za malipo ya uzeeni haziwezi kulipa.

Kifo kinachowahusu polisi

Kuna vifo ambavyo daktari hapaswi kuvitia saini hivi hivi. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinamtaka mkuu wa kituo cha polisi kuchukua hatua anapopata habari kwamba mtu amejiua, ameuawa na mwingine, amekufa kwa ajali, au amefariki katika mazingira yanayozua shaka. Afisa huyo anapaswa kumwarifu hakimu aliye karibu, kufika mahali mwili ulipo na kupeleleza. Mwili unaweza kupelekwa kwa daktari ili uchunguzwe.

Kifungu cha 387 kinashughulikia uchunguzi wa hakimu kuhusu chanzo cha kifo, hususan mtu anapofia mikononi mwa polisi au gerezani. Hakimu ana uwezo wa kuita mashahidi, kuwahoji chini ya kiapo, na hata kuagiza maiti ifukuliwe. Uchunguzi huo si kesi ya jinai, kwa hivyo hakuna mshtakiwa kizimbani. Kazi yake ni kubaini nani alikufa, vipi, na kama kuna mtu anayestahili kushtakiwa.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo ili kuanzisha idara huru itakayochunguza vifo vyenye utata, badala ya jukumu hilo kuachiwa polisi. Miaka sita baadaye, Kenya ilipokumbwa na mkasa wa Shakahola mnamo 2023, idara hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi.

Ndani ya mochari

Katika kisiwa cha Mombasa, miili mingi ya vifo vya aina hii hupelekwa katika mochari ya Hospitali Kuu ya Pwani. Hatua ya kwanza huwa ni utambulisho. Jamaa huutazama mwili na kuthibitisha ni wa nani. Pale ambapo sura haitambuliki tena, hutumiwa alama za vidole, meno au chembechembe za DNA. Hatua hii haipaswi kudharauliwa, maana ripoti nzuri ya uchunguzi iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine haina faida yoyote mahakamani.

Kisha mwanapatholojia huuchunguza mwili kwa nje, ukiwa bado na nguo. Tundu la risasi kwenye shati linapaswa kulingana na tundu la kifuani. Mchanga, mafuta au damu nguoni huweza kueleza mtu alikuwa wapi. Baada ya hapo nguo huvuliwa na kuhifadhiwa, na kila alama hupimwa, huchorwa na kupigwa picha. Kucha, macho, midomo na nyayo zote hutazamwa.

Uchunguzi wa ndani hufungua sehemu tatu: fuvu la kichwa, kifua na tumbo. Daktari asiyefungua kichwa kwa sababu amekwisha kuona jeraha la tumboni hajamaliza kazi. Kila kiungo hutolewa, hupimwa uzito na kukatwa vipande ili kutazamwa ndani. Vipande vidogo huhifadhiwa ili vikatazamwe kwa hadubini. Damu, mkojo, maji ya jicho, vilivyomo tumboni na kipande cha ini hufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Lakiri hiyo ina maana yake. Kila anayekabidhiwa sampuli hutia saini, tangu mochari hadi maabara. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wakili wa utetezi atauliza ni nani aliyekuwa na chupa hiyo usiku ule, na ushahidi wote unaweza kutupiliwa mbali.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi zinazosafirisha maiti hadi bara hazilifahamu. Dawa inayotiwa maitini ili isiharibike huchanganyika na damu, na nyingi za dawa hizo huwa na pombe ya methanoli. Methanoli ndiyo sumu iliyoua zaidi ya watu 100 mtaani Mukuru, Nairobi, mwaka 2000 baada ya kunywa pombe haramu. Maiti ikishatiwa dawa kabla ya sampuli kuchukuliwa, mkemia atapata shida kueleza kama methanoli aliyoiona ilinywewa na marehemu au ilitiwa na wahudumu wa mochari.

Saa ya kifo na joto la Pwani

Wapelelezi hupenda kuuliza: alikufa saa ngapi? Mwili una saa zake, ila si saa za kutegemewa sana.

Ya kwanza ni baridi. Katika nchi za baridi, maiti huweza kupoteza takriban nyuzi moja ya joto kila saa. Mombasa hali ni nyingine. Mchana wa Februari au Machi hewa hupita nyuzi 30, na mwili wa mtu huwa na nyuzi 37. Tofauti ni ndogo, hivyo maiti hupoa polepole mno, na iliyolazwa juani huenda isipoe kabisa. Kanuni za vitabu vya Ulaya zikitumiwa hapa bila kurekebishwa, zitampa hakimu saa isiyo sahihi.

Ya pili ni kukakamaa. Misuli ya taya na shingo huanza kukaza baada ya saa mbili hadi nne, mwili mzima hukakamaa katika muda wa saa 12 hivi, kisha hulegea tena. Joto huharakisha hatua zote hizo.

Ya tatu ni kutuama kwa damu. Moyo ukisimama, damu hushuka upande uliolala chini na kuacha madoa. Baada ya saa 8 hadi 12 madoa hayo huwa hayahami tena. Maiti iliyokutwa imelala chali huku madoa yakiwa kifuani iligeuzwa au ilihamishwa, na aliyefanya hivyo ana la kueleza.

Madoa hayo pia hukosewa mara nyingi. Jamaa wanaoosha maiti huyaona mgongoni wakadhani marehemu alipigwa. Daktari hupasua ngozi kidogo mahali hapo. Damu iliyotuama huwa bado imo ndani ya mishipa, ilhali damu ya pigo huwa imevuja na kuingia katika nyama. Vilevile, ngozi nyeusi inaweza kuficha jeraha ambalo halionekani hadi ipasuliwe. Macho matupu, kwa hivyo, yanaweza kumsingizia asiye na hatia na pia kumsitiri mwenye hatia.

Majeraha, maji na kichwa

Risasi ikipita mwilini, tundu la kuingilia kwa kawaida huwa dogo na lenye ukingo uliochunika, na la kutokea huwa limeraruka bila mpangilio. Masizi na chembe za baruti kwenye ngozi huonyesha bunduki ilikuwa karibu. Risasi iliyobaki mwilini hulinganishwa na silaha inayoshukiwa. Ikizikwa na maiti, ulinganishaji huo hauwezekani.

Kwa watu wa kisiwani, maji ni jambo la kila siku. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na kuua zaidi ya watu 250. Katika mkasa wa namna hiyo hakuna anayeshuku waliokufa walikufaje. Lakini mwili mmoja unaoelea peke yake ni mtihani. Povu puani na mdomoni, mapafu mazito yaliyofura, na maji tumboni huashiria kuzama, ila hakuna alama hata moja inayotosha kuthibitisha. Daktari hulazimika kwanza kuondoa uwezekano mwingine wote, ikiwemo kwamba mtu aliuawa nchi kavu kisha akatupwa. Baada ya siku kadhaa majini, samaki na miamba huwa vimeacha majeraha yake, na yale ambayo hayana damu iliyovuja pembeni huchukuliwa kuwa yalitokea baada ya kifo.

Kichwa ndicho kinachodanganya kuliko viungo vyote. Mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuzungumza, kutembea na hata kula kwa saa kadhaa, huku damu ikikusanyika kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo. Kisha husinzia, maneno yakamlegea, akatapika. Anayemwona hudhani amelewa. Katika seli ya polisi, kosa hilo limegharimu maisha.

Kisa cha Monson

Mfano ulio wazi zaidi wa kazi ya uchunguzi wa maiti katika eneo hili ni wa Alexander Monson, kijana wa miaka 28 na mwana wa kabaila wa Uingereza. Mei 19, 2012, alikamatwa Diani, kusini mwa Mombasa, kwa madai ya kuvuta bangi. Saa chache baada ya kuzuiliwa katika kituo cha polisi, alifariki hospitalini. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba alitumia dawa za kulevya kupita kiasi.

Maelezo hayo yangeweza kuaminika. Diani ni mji wa watalii, na vifo vya aina hiyo si jambo geni. Lau mwili ungezikwa au kuchomwa kwa kutegemea maneno hayo, faili ingefungwa siku ile ile.

Ripoti za wanapatholojia wawili zilisema vingine. Monson alikuwa amekufa kutokana na pigo la kichwani. Uchunguzi wa sumu nao haukuunga mkono dai la dawa za kulevya.

Safari kutoka ripoti hizo hadi hukumu ilikuwa ndefu. Uchunguzi wa kifo hicho ulifanyika katika mahakama ya Mombasa, na mnamo Juni 2018 Hakimu Richard Odenyo aliamua kwamba polisi walihusika. Maafisa wanne wakashtakiwa kwa mauaji. Novemba 15, 2021, Jaji Eric Ogola wa Mahakama Kuu mjini Mombasa aliwapata wote wanne na hatia ya kuua bila kukusudia. Zaidi ya miaka tisa ilikuwa imepita. Mashahidi husahau na maafisa huhamishwa vituo, lakini yaliyoandikwa mezani mwa mochari mwaka 2012 yalibaki vile vile.

Mambo kama hayo yalijirudia jijini Nairobi Juni 2025, pale mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alipofariki baada ya kuzuiliwa katika Kituo Kikuu cha Polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Siku mbili baadaye, wanapatholojia wakiongozwa na Dkt Bernard Midia walieleza kuwa walipata majeraha ya kichwani, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini, ambayo hayakulingana na mtu kujigonga mwenyewe.

Dini na kisu cha daktari

Kwa Waislamu wengi wa Mji wa Kale, kupasuliwa kwa maiti ni jambo zito. Mafundisho ya dini yanampa maiti heshima ile ile aliyokuwa nayo akiwa hai, na kuchelewesha maziko huongeza machungu ya wafiwa. Ndiyo maana mara kwa mara jamaa huwasihi polisi wawakabidhi mwili bila ya kuufanyia uchunguzi.

Wanazuoni wamelijadili suala hili kwa kina. Mnamo 1987, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lililokutana Makka lilitoa uamuzi kwamba uchunguzi wa maiti unaruhusiwa inapolazimu, likitaja kubaini chanzo cha kifo katika kesi ya jinai, kuyatambua maradhi na kufundisha madaktari. Hoja yao ni kwamba kulinda uhai na haki za walio hai ni katika makusudio ya sheria ya dini, na kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake: kisipasuliwe zaidi ya kinachohitajika, na viungo virejeshwe na kuzikwa.

Kwa upande wa serikali, katika kifo chenye shaka, ridhaa ya familia si sharti. Lakini uchunguzi unaweza kufanywa mapema siku ile ile, mwili ushonwe vizuri, na jamaa wa jinsia moja na marehemu waruhusiwe kuuosha. Pengo kati ya sheria na dini si pana kama inavyodhaniwa. Mara nyingi kinachokera familia si kisu, bali ni kuachwa mlangoni mwa mochari siku nzima bila ya kuambiwa lolote.

Kaburi linapofunguliwa

Maziko hayafungi mlango kabisa. Mahakama inaweza kuamuru maiti ifukuliwe, ijapokuwa kila siku inayopita hupunguza kinachoweza kusomwa. Nyama laini huoza, na michubuko huondoka nayo. Mifupa iliyovunjika, risasi na baadhi ya sumu hubaki.

Ukweli huo ulionekana katika kaunti jirani ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, walikokuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Uchunguzi ulifanyika Malindi chini ya mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt Johansen Oduor. Awali ilisemekana kuwa wote walifunga hadi kufa. Miili ilionyesha njaa, naam, lakini baadhi yake, ikiwemo ya watoto, ilikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria, na mashtaka yaliyofuata yalifikishwa katika mahakama za Mombasa na Malindi.

Wengine walikuwa wameoza kiasi cha chanzo cha kifo kutojulikana. Utambulisho ulilazimu vipimo vya DNA, na ni Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa miili. Waliosubiri karibu mwaka mzima ili kuzika ndio wanaofahamu vyema gharama ya kifo kisichosajiliwa wala kuulizwa siku kilipotokea.

Jamaa wafanye nini?

Kifo cha ghafla, cha mtu aliyekuwa mzima, cha mtoto bila maradhi yanayofahamika, cha ajali, au cha aliyekuwa mikononi mwa polisi kinapaswa kuripotiwa kabla ya maiti kuoshwa. Maji ya josho huondoa damu, masizi na chembechembe ambazo daktari angezihitaji.

Ripoti iandikwe katika kitabu cha matukio kituoni, na familia ichukue nambari yake. Ikiwa marehemu alifia kizuizini, mamlaka huru ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina jukumu la kuchunguza. Familia inaweza kuomba daktari wake awepo wakati wa upasuaji. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu uchunguzi wa vifo vinavyoshukiwa kuwa kinyume cha sheria, uliofanyiwa marekebisho 2016, unaitambua haki hiyo. Aidha, jamaa wakatae maiti isitiwe dawa hadi sampuli zichukuliwe, na waombe nakala ya ripoti.

Tena wasishangae daktari akiandika kwamba chanzo cha kifo hakikubainika. Kukiri hivyo ni sehemu ya uaminifu wa kazi yake, na ni afadhali kuliko kubuni jawabu ambalo baadaye litamfunga asiyehusika.

Sheria haimzuii yeyote kumsitiri maiti wake mapema. Inachotaka ni kwamba, pale penye shaka, saa chache zitolewe kwa ajili ya swali ambalo marehemu hawezi tena kulijibu kwa kinywa chake.